Sura ya Tatu Haifutwi

Kichwa cha memwari yangu kiliwachekesha watu tangu siku kilipobandikwa ukutani. Wenzangu wa mwaka wa mwisho walikuwa wameandika mambo ya kueleweka: namna ya kuhifadhi mihogo, usafi wa maji ya visima, umeme wa jua katika shule za Kasongo. Mimi kazi yangu ya mwisho ya masomo niliipa jina la Mashimo meusi na vipimo vya ziada katika nadharia ya nyuzi. Junior, mwenzangu wa darasa, alisimama mbele ya ubao akakisoma kwa sauti, kisha akaniuliza kama shimo lenyewe liko upande wa Nyangwe au upande wa Kabambare, ili apite mbali na pikipiki yake.

Nilicheka na mimi. Sinuni kwa mzaha wa kweli. Ninachokichukia ni mzaha wa mtu aliyekwisha kukukatia shauri kabla hujafungua kinywa, na wa namna hiyo nilikuwa naye mmoja, mkubwa. Ni Bwana Gaston, mkuu wa idara yetu, ambaye pia angekuwa prezida wa jiri, yaani mwenyekiti wa jopo la watahini, siku ya kuitetea kazi hiyo mbele ya watu.

"Sifa," aliniambia ofisini kwake, "we uko mutoto wa Kabambare. Utarudia kufundisha kule. Watoto hawana hata chaki. Ile mambo ya vipimo kumi itawasaidia nini?"

"Itawasaidia kujua iko, Bwana Prezida."

"Hata weye haujue kama iko."

Hapo alisema kweli, na ndiyo maana niliumia zaidi. Hakuna mtu aliyeviona vipimo hivyo. Sisi tunajua mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, halafu wakati unaokwenda bila kutungoja. Nadharia ya nyuzi inasema kwamba vitu vyote, ukivichimba hadi mwisho, si chembe bali ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, na hesabu ya nyuzi hizo haikubali kutulia mpaka uipe vipimo kumi. Vile vinavyozidi vimejikunja. Chukua mkeka, uukunje ukaze sana, uusimamishe mwisho wa uwanja: kwa macho ya mtu wa mbali ni fimbo tu. Sisimizi anayetembea juu yake ndiye anayejua kwamba anaweza pia kuuzunguka.

Mambo haya niliyaokota kwa Asistan Ibrahim, mwalimu kijana aliyerudi kutoka Bukavu na mfuko wa fotokopi. Alinipa makala moja ya Kifaransa ili ninyamaze, maana nilikuwa nimemchosha kwa maswali. Badala ya kunyamaza nikamfanya awe mwelekezi wangu. Makala nyingine nilizitafuta mwenyewe kwa simu, nikisimama kilimani karibu na antena, ambako mtandao unakuja ukitaka na kuondoka ukitaka.

Na shimo jeusi lenyewe? Nyota kubwa ikimaliza moto wake inajiangukia, inabanana, hadi uzito wake hauachii kitu kitoke, hata mwanga. Sasa, kila kitu chenye joto kina fujo yake ya ndani, yaani njia nyingi ambazo vipande vyake vinaweza kujipanga bila wewe wa nje kuona tofauti. Fujo hiyo inahesabika. Cha ajabu ni kwamba fujo ya shimo jeusi haifuati ujazo wake, inafuata ngozi yake ya nje. Ni kama muuza mawese akupimie mafuta kwa ukubwa wa ngozi ya bidoni, asijali ndani mna nafasi gani. Wanasayansi waliipata kanuni hiyo zamani kwa njia ya joto na uzito, bila kujua vipande vinavyojipanga humo ni vitu gani. Miaka ikapita, wengine wakaja kwa mlango wa nyuzi. Wakachukua shimo la kwenye karatasi, rahisi kuliko la kweli, wakakunja vipimo vitano, wakabakiza vitano, wakahesabu njia zote ambazo nyuzi zinaweza kukaa humo. Namba ikatoka ileile. Ileile kabisa, hata robo yake haikupotea.

Mimi niliirudia hesabu hiyo kwa mkono wangu, na ndiyo ilikuwa sura ya tatu. Inaisha na kitu kidogo: namba tatu unazizidisha, unachukua mzizi wake wa mraba, unauzidisha kwa pai mbili, basi. Asubuhi ile njia mbili zilipokutana kwenye karatasi yangu nilitoka nje mbio, nikamkumbatia mbuzi wa jirani. Shangazi Subira, dada ya baba yangu, ambaye nilikuwa nakaa kwake hapa Kasongo, alikuwa akifunga vitenge vyake vya kupeleka sokoni. Akaniuliza kama nimeposwa.

"Inapita hata kuposwa, shangazi."

"Iko kitu gani inapita kuposwa?" akasema, akaendelea kufunga mzigo.

Ndiyo maana Bwana Gaston aliponiita tena na kuniambia niifute sura ya tatu, nilihisi kama ananiomba nimpe jicho. Nibakize nyota na uzito, alisema, nitapita bila shida. Asistan Ibrahim alinifuata mlangoni akaninong'oneza nikubali. Bila memwari hakuna diploma, na bila diploma ile nafasi ya kufundisha fizikia Kabambare, niliyokuwa nimeahidiwa, ingekwenda kwa mwingine. Nilijua yote hayo. Nikamwambia sitaifuta, na kama wanataka kuiangusha, waiangushe mbele ya watu, si ofisini.

Mama yangu alikuja kwa ajili ya siku ya kuitetea. Mama Léontine, mkulima wa mpunga, alipanda nyuma ya pikipiki kutoka Kabambare, akalala Lusangi kwa sababu ya matope, akafika Kasongo na udongo hadi magotini, amebeba mchele, karanga, na kopo kubwa la poda. Kwetu mtu akifaulu masomo hapongezwi kwa mdomo tu. Anamwagiwa poda kichwani hadi nyusi zinakuwa nyeupe, vitenge vinatandikwa chini apite juu yake, na anapelekwa nyumbani kwa nyimbo ili mji mzima ujue. Kopo lile mama hakumwachia mtu. Hata kuoga alikwenda nalo.

Chumba kilijaa. Nadhani nusu yao walikuja kucheka, lakini walikuja. Jiri iliingia na majoho meusi: Bwana Gaston katikati, Asistan Ibrahim kushoto kwake akitazama meza, na kulia Asistan Jeannette, mwalimu wa hisabati, mwanamke asiyependa maneno mengi. Nikaeleza. Niliukunja mkeka wa shangazi mbele yao, nikawaonyesha fimbo, nikaukunjua, nikawaonyesha mkeka. Nyuma mtu mmoja akasema "eeh!" kama aliyechomwa mwiba, na nikajua angalau huyo nimempata. Nikaandika hesabu ubaoni kutoka juu hadi chini. Mwanzoni nilichungulia karatasi yangu. Nilipofika kwenye mzizi wa mraba sikuichungulia tena.

Kisha maswali. Bwana Gaston aliuliza kwa nini pambizo za kurasa si sawa. Akauliza kwa nini vitabu vya rejea ni vichache. Asistan Jeannette aliniuliza juu ya uzito wa nyota katika sura ya kwanza, swali zuri, nikalijibu. Asistan Ibrahim alisema hana swali. Sura ya tatu wakairuka kama watu wanaoruka dimbwi. Mwishowe Bwana Gaston akavua miwani.

"Mwanafunzi atuonyeshe ile kipimo ya saba iko wapi humu ndani," akasema. "Pengine iko chini ya kiti yangu."

Chumba kikaangua kicheko. Nilitaka kumjibu, lakini alikwisha kupiga meza: maswali yamekwisha, jiri inakwenda kushauriana. Wakasimama. Na kwa kuwa desturi ni kusimama jiri inapotoka, chumba kizima kikasimama nao, na watu watatu wenye majoho wakapita katikati yetu kwa mstari hadi nje.

Hapo ndipo mama alipofanya alichofanya. Msimlaumu. Hajawahi kuona memwari ikitetewa. Anachokijua ni kanisa lao la Kabambare, na kanisani kwao watu wote wakisimama na wenye majoho wakatoka kwa mstari, ibada imekwisha, baraka imetolewa, kinachobaki ni furaha. Aliniona nimesimama ubaoni na chaki mkononi, nimesema maneno mengi bila kukwama, wakubwa wameniinukia. Akafungua kopo.

"Wifi, bado!" shangazi Subira alipiga kelele. "Léontine, bado!"

Alichelewa. Poda ilishuka kichwani, machoni, kwenye gauni jeusi nililoazima, ikafika hadi ubaoni. Mama akapiga vigelegele. Peke yake. Kisha akaona kwamba hakuna anayemwitikia, akanitazama, akatazama watu waliofunika midomo, akaacha vigelegele. Kumwagiwa poda kabla ya jibu ni mkosi. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, naye pia alilijua.

"Hawajasema bado?" akaniuliza polepole.

"Bado, mama."

"Yesu wangu. Nimekuharibia."

Akaketi chini, kwenye sakafu, na kopo mapajani. Shangazi akaanza kunifuta kwa ncha ya mtandio wake, akizidi kunipaka tu. Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha, lakini hazikuwa za mama. Niliwakasirikia wale waliocheka, walewale waliocheka kipimo cha saba, kwa kicheko kilekile. Nikaushika mkono wa shangazi.

"Wacha," nikamwambia. "Ibakie."

Jiri iliporudi ilinikuta hivyo, mweupe kama niliyetoka kusaga unga. Asistan Jeannette aliuma mdomo. Bwana Gaston alisimama mlangoni, akanitazama kutoka juu hadi chini, na uso wake ukabadilika. Aliona dharau. Aliona binti wa Kabambare aliyejitangazia ushindi kabla ya wakubwa kutamka, na labda hata mimi ningekuwa yeye ningeona hivyohivyo.

"Nani amekupa ruhusa ya kufanya feti, kushangilia mbele ya jibu?" akauliza.

Mama alitaka kuinuka aseme, nikamtangulia.

"Hakuna feti, Bwana Prezida. Mama yangu alizani imeisha."

"Na weye haukunawa?"

"Sikunawa."

Akaketi, akapanga karatasi zake, akasema kwa sauti ya kutangaza. Jiri imeona kazi yangu. Sura ya kwanza na ya pili zinatosha. Sura ya tatu haina faida kwa jamii ya Kasongo wala haina uthibitisho. Jiri, kwa huruma, inaniachia mlango: nitoke nikanawe, nirudi kuomba radhi, nitie sahihi kwamba sura ya tatu imefutwa, nami nitapewa alama ya kutosha leo hiihii. Kama sivyo, ninaahirishwa bila diploma.

Asistan Ibrahim alinikazia macho, akiniomba. Shangazi akanisukuma kidogo mgongoni. Alitaka nitoke nikanawe. Na nitasema kweli: kwa muda nilitaka. Niliiona shule ya Kabambare, niliwaona wanafunzi wangu wamekaa, nikamwona mama akirudi nyumbani bila kuinamisha kichwa. Ingekuwa kurasa chache tu za kuchana. Nani angejua?

Mimi ningejua. Siku moja mtoto mmoja wa Kabambare angeniuliza ndani ya shimo jeusi mna nini, nami ningelazimika kumwambia kwamba jibu lililopo niliwahi kuliandika kwa mkono wangu, nikalifuta ili nipewe kazi ya kumfundisha.

"Bwana Prezida," nikasema, "naomba swali moja."

"Swali gani?"

"Apana yangu. Yenu. Muniulize swali moja juu ya sura ya tatu. Hamujaniuliza hata moja. Nikishindwa, nitaifuta mwenyewe, pamoja na hii poda."

Aliyejibu ni Asistan Jeannette. Alikuwa amekwisha kugeuka kuutazama ubao, akiufuata mstari kwa mstari chini ya ile poda.

"Hii hesabu inasema vipimo vya ziada viko kweli?" akauliza.

Ndilo swali nililoliogopa kuliko yote. Ningeweza kulizungusha. Niliona uso wa mama unavyoningoja niseme ndiyo.

"Apana," nikasema. "Haisemi vile. Hakuna mutu ameviona, na pengine haviko. Inasema kama viko, njo fujo ya shimo inahesabika, na namba inatoka sawa na ile ya njia ingine. Njia mbili ambazo hazijuani zimefika nyumba moja. Mie sijui sababu gani. Hakuna mutu anajua vizuri. Lakini siwezi kufuta nyumba sababu sijajua nani aliijenga."

Asistan Jeannette akatikisa kichwa polepole, kukubali. Akamwinamia Bwana Gaston, wakasemezana. Nilimwona Bwana Gaston akikunja uso, akigusa kurasa zangu, akizirudisha. Alipoinua macho hakuwa tena yule wa mzaha wa kiti. Alionekana mchovu.

"Jiri haiwezi kutoa alama kwa kitu ambacho hakuna mutu hapa anaweza kukipima," akasema. "Hiyo njo kweli, Sifa. Nitie sahihi namna gani?"

"Basi mutafute mwenye kupima. Kisangani, Kinshasa, kokote. Musifute."

"Na ikichukua mwaka?"

"Itachukua mwaka."

"Nafasi yako ya Kabambare itapotea."

"Najua."

Nilisema "najua" kwa nguvu, kwa sababu kama ningelisema polepole ningelia. Bwana Gaston aliandika. Kalamu yake ilikuwa na kelele. Kisha akasoma: mwanafunzi Sifa Kasimu ameahirishwa hadi kazi yake itakapopata msomaji anayestahili, memwari ibaki kama ilivyo. Aliposema "kama ilivyo" hakunitazama. Akakusanya joho lake akatoka wa kwanza, na safari hii mama hakusimama.

Nje jua lilikuwa kali. Shangazi Subira alikuwa na ndoo ya maji tayari kwenye kona ya ukuta, sijui aliitoa wapi.

"Inama nikuoshe," akasema. "Hatupite sokoni namna hii. Watu watauliza, tutasema nini? Kesho niko na meza yangu pale, Sifa, nitaficha uso wapi?"

"Utasema kweli, shangazi."

"Kweli gani? Kwamba tumemwaga poda kwa mutu ameanguka?"

"Sikuanguka."

Mama alikuwa amekuja nyuma yetu na kopo lake. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuja mbele yangu, akanishika uso kwa mikono yake miwili, akanitazama kama anayekagua mpunga kabla ya kuutia ghalani.

"Ile sura," akasema, "njo ile uliniandikia kwa simu? Ile ya kumukumbatia mbuzi?"

"Ndiyo."

"Na wameiacha?"

"Wameiacha, mama. Iko muzima. Lakini diploma sina. Kazi pia sina."

Mama akaniachia uso. Kisha akafungua kile kitenge chake cha juu, kipya, alichokivaa juu ya kingine kwa ajili ya siku hii, akakitandika kwenye mchanga mbele ya miguu yangu. Shangazi alisonya. Akamtazama wifi yake aliyepiga magoti kwenye vumbi, akanitazama mimi, akaimwaga ile ndoo yote chini ya ukuta.

"Familia ya wazimu," akasema, akavua mtandio wake wa mabega, akautandika mbele ya kitenge.

Nikakanyaga. Walikuwa wakiokota cha nyuma na kukileta mbele, cha nyuma mbele, wanawake wawili wazima wanaohema, na hivyo ndivyo tulivyoingia sokoni. Watu walisimama. Wenye pikipiki walizima mashine. Mwanamke mmoja muuza mandazi aliacha kikaango chake akaja mbio, anacheka kwa furaha, akitaka kunishika mkono.

"Hongera, mama! Umepata ngapi?"

Shangazi alifumba macho.

"Sikupata kitu," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika hadi meza ya mwisho ya vitenge. "Wamenikatala. Na mie nimewakatala."

Mwanamke yule akabaki na mkono hewani.

"Sasa hii poda iko ya nini?"

"Ya sura ya tatu," akasema mama, akaokota kitenge chake, akakitandika tena mbele yangu.